Maharagi ya Mavi ya Mbuzi

Juzi jirani yangu alinipitishia juu ya ua kikombe cha mbegu za maharagi. Zilikuwa za pinki, pinki kabisa, kama kucha za bibi harusi, kwa sababu siku hizi mbegu za dukani zinapakwa dawa ili mdudu asizile na mtu naye asizile. "Hapana kupika hizi, Mama," akaniambia. "Ni sumu." Nikacheka peke yangu mpaka akadhani nimeicheka rangi ya mbegu zake. Kumbe pua yangu ilikuwa imeshaondoka pale uani. Ilikuwa inanusa mavi ya mbuzi, mabichi, yenye joto bado, yaliyokandwa na majivu na pilipili. Nyinyi mliokulia kwenye vilima hivi miaka ileile niliyokulia mimi, labda mnajua ninasema nini. Ambao hamjui, wekeni chakula pembeni kwanza.

Mimi si mtu wa kutoka. Watu wa Butembo wanajulikana kwa kusafiri na kuuza, wanafika mpaka miji ambayo mimi siwezi hata kuitamka, lakini safari yangu ndefu ni ya kutoka jikoni hadi kwenye kamba ya nguo. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma, nikaiweka kabatini ipumzike, na mimi nikapumzika kuisindikiza. Mume wangu anasema siku nikifa itabidi wanichimbie kaburi mbele ya mlango, maana sitakubali kwenda mbali. Hata utotoni nilikuwa hivyohivyo. Wazazi wangu walikuwa Beni, mtaa wa Beu, wakiuza viatu sokoni, na kwa kuwa Beni ya wakati ule haikuwa ya mtu kulala vizuri, mimi niliachwa kwa Mukaka, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinande, kwenye kilima kilicho nje kidogo ya Butembo. Sikulia walipoondoka. Niliuliza tu kama kitanda changu ni kile cha karibu na moto.

Sasa mnajua kwetu mvua ilivyo. Ni kama mama mkwe: inakuja bila kuitwa, inakaa sana, na kazi yetu ni kuisema. Tunalalamika matope, tunalalamika ukungu, tunalalamika nguo zisizokauka. Wafugaji wa nchi kavu wanaujua ukame kama mtu anavyomjua jirani mbaya, wamejifunza kuishi naye. Sisi, mwaka ule ulipotufikia, tuliupokea kama mgeni. Tulidhani ataondoka baada ya chakula. Mgeni hakuondoka. Chakula ndicho kilichoondoka.

Maharagi yalikauka yakiwa bado na maua. Majani ya viazi yakawa kama karatasi za tumbaku. Wakubwa walitazama juu kila asubuhi, wakatema mate, wakaingia ndani, na baadaye hata mate wakaacha kutema. Mukaka alikuwa na mbuzi wake, aliowapenda kuliko wajukuu, na alisema hivyo wazi bila kuona haya. Majani yalipoisha alichukua panga, akaanza kuangusha migomba. Alikata shina vipande, vipande akavichana, na mbuzi wakatafuna kile kiini cheupe chenye maji huku povu likiwatoka pembeni mwa midomo. Hicho kilikuwa chakula chao na kinywaji chao pia. Ukimwona mbuzi anatafuna mgomba, utadhani ni mzee amepewa sabuni akaambiwa ni jibini. Utomvu wa mgomba ulinichafulia nguo zangu zote kwa madoa meusi, na mpaka leo sili ndizi nikiwa nimevaa nguo nyeupe.

Maji tuliyachota bondeni, kwenye chemchemi iliyobaki ikidondoka kama machozi. Bidon moja, lile dumu la njano, ilikuwa maisha yetu ya siku nzima, na maji yake yalikuwa na vyeo kama jeshi. Ya kunywa na kupikia yalibaki ndani ya bidon, hayo ni makoloneli. Yaliyobaki yalimiminwa kwenye beseni. Kwanza yaliosha sombe, mboga yetu. Yakishaosha sombe yaliosha nyuso, kuanzia mkubwa, na kwa kuwa mimi nilikuwa wa mwisho nilinawa uso wangu kwa majani ya muhogo, jasho la Mukaka na ugoro wake. Halafu miguu. Halafu, mwisho kabisa, beseni lilipelekwa kwa mbuzi. Nakumbuka beberu alivyoinusa ile supu, akainua kichwa, akanitazama kama mwalimu aliyemaliza kusoma karatasi yangu ya mtihani, akageuka. Mbuzi! Mnyama anayekula kamba na sanduku!

Na bukari tuliyokula, ule ugali wa muhogo, jamani. Muhogo mchungu lazima ulowekwe siku kadhaa ndipo uache sumu yake, na kawaida tuliuloweka kwenye kijito kinachotembea. Kijito kikaacha kutembea. Kikabaki kidimbwi, na mihogo ya kilima kizima ikalala humo pamoja, ikioza pamoja, pamoja na vyura waliokufa wakiwa wanasubiri mvua kama Wakristo wengine. Bukari yake ilitoka rangi ya kijivu na ilinuka kama soksi za askari aliyetembea kwa mguu kutoka Mavivi, kule karibu na Beni. Nililia nikila. Mukaka alisema, "Machozi ni chumvi, inakusaidia."

Basi, ni katika siku hizo nilimkuta nyuma ya zizi amepiga magoti, mikono imezama mpaka kwenye viwiko ndani ya chungu kikubwa. Nilisogea kuona. Kulikuwa na mavi ya mbuzi ya asubuhi ile, majivu, pilipili zilizotwangwa, na ndani yake, yakizama na kuibuka kati ya vidole vyake, maharagi. Maharagi mazuri! Yale mekundu ya madoadoa ambayo hatukuwa tumeyaonja kwa muda mrefu mpaka nilianza kusahau sura yake. Alikuwa anayakanda kama mtu anayekanda unga wa mikate ya Krismasi, akiimba taratibu wimbo wa Bikira.

"Mukaka, ni nini?"

"Ni maharagi. Hapana gusa."

Nani angegusa? Nilikimbia. Mimi mtoto nilikuwa na hesabu zangu. Kila kitu nilichowahi kumwona Mukaka akikitia kwenye chungu kilikuwa chakula, na tulikila baada ya kingine kwisha. Viazi vilipoisha tulikula majimbi yaliyowasha koo. Majimbi yalipoisha tukala muhogo unaonuka vyura. Muhogo ukiisha je? Jibu lilikuwa ndani ya chungu, limefunikwa kwa jani la mgomba, uvunguni mwa kitanda cha Mukaka, karibu na kichwa changu. Hilo ndilo litakuwa kitoweo chetu cha mwisho. Usiku nilikuwa nasali rozari kwa nguvu mpaka Mukaka akaanza kunisifu kwa majirani: "Huyu mutoto atakuwa sista." Kilima kizima kiliomba mvua kwa sababu ya njaa. Mimi peke yangu niliiomba kwa sababu ya kinyaa.

Ukweli wake mmeshaujua, hamhitaji diploma yangu. Ile ilikuwa mbegu. Nyumba nyingine kilimani zilikuwa zimeshakula za kwao, safi, kutoka kwenye mifuko safi, kila mtu akijiambia leo tu. Zilizobaki zilikuwa za Mukaka, ndani ya mavi. Mvua ingerudi siku moja, lakini kama ingerudi ikakuta chungu kile kitupu, tungebaki kuitazama ikinyesha kwenye udongo usio na kitu, kama mtu anayepokea wageni bila kiti. Hayo sikuyajua. Nilichojua ni harufu.

Halafu akarudi Tonton Paluku.

Tonton Paluku ni mtoto wa kwanza wa Mukaka, kaka yake mama yangu. Alikuwa amekwenda Manguredjipa kuchimba dhahabu. Alirudi na miwani ya jua, chupa ya marashi na kikohozi. Dhahabu yenyewe, alituambia, iko njiani. Nilimpenda mara moja, lazima niseme ukweli. Alinukia vizuri, na katika nyumba ile kitu kinachonukia vizuri kilikuwa muujiza. Tena alisema kwa sauti yale niliyokuwa nayasema moyoni.

"Mama," alisema jioni ya kwanza, pua juu, "ile harufu ni ya chungu ao ni ya weye?"

"Ni ya mutu mwenye kurudi kwa mama yake mikono mitupu."

"Likambo te, Mama. Hakuna shida. Kavira, Mukaka yako iko natutayarishia nini pale chini? Deseri?"

"Mavi, Tonton."

"Mavi! Na sukari, ao nature, bila kitu?"

Nilicheka mpaka nikaanguka. Mukaka hakucheka. Alisukuma chungu kwa mguu kikaingia ndani zaidi uvunguni, na usiku ule aliniambia nilale kitandani kwake, upande wa ukutani, yeye akalala upande wa mlango.

Parokia ikatangaza maandamano ya kuomba mvua. Watu wote wangepanda na sanamu ya Bikira mpaka kikanisa cha juu kilimani, wakiimba. Mimi nilisikia neno "kupanda" nikapata maumivu ya tumbo palepale. Tonton naye akapata malaria. Mukaka alitutazama sote wawili, mmoja kwenye mkeka na mwingine kwenye kiti, akatikisa kichwa, akafunga kitambaa chake cha Misa, akaondoka.

Nyimbo zilikuwa bado zinasikika bondeni malaria ilipopona.

"Kavira, leta bidon."

"Ni ya kunywa, Tonton."

"Donc, basi? Na maharagi nayo itakunywa."

Alikivuta chungu nje mpaka kwenye mwanga. Alifunua jani, akageuza uso, akakohoa, akarudi. Nilisimama mbali, nguo yangu nimeivuta mpaka puani, nikimtazama mtu yule mwenye marashi akiingiza vidole humo. Ganda la mavi lilikuwa limekauka juu, ndani bado bichi. Aliyachota maharagi na kuyatia kwenye beseni letu, lile la sombe na nyuso na miguu, akamimina maji ya bidon, makoloneli wote. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili ya kijani. Ya tatu kama chai. Aliyamwaga yote mlangoni, na mbuzi wakaja mbio kulamba matope. Bidon ikabaki nyepesi, inalialia kwa upepo.

Alipika. Aliweka mafuta ya mawese ya mwisho, yale ya chini ya chupa. Na harufu ikatoka. Enyi watu wa umri wangu, mnaijua harufu ya maharagi yanayokaribia kuiva, inavyoingia kama mtu wa nyumbani bila kubisha hodi. Mate yalinijaa kinywani na wakati uleule tumbo likapanda juu, vitu viwili vikakutana kooni vikasalimiana.

Alinipakulia sahani.

"Kula. Nimeosha mara mingi."

"Niliona mikono yako."

"Mikono nimenawa."

"Na maji gani?"

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Huyu mutoto ni muzungu!" Akavuta sahani yangu akaimimina kwenye yake. Msidhani nilikataa kwa wema. Angekuwa ameyatoa kwenye mfuko safi, ningekula mpaka chungu chenyewe. Nilikataa kwa pua. Nilikaa pale nikamtazama akila. Alikula kwa mkono, haraka, akihema kati ya tonge na tonge. Midomo yake iling'aa mafuta. Ganda la haragi lilimnasa kwenye jino la mbele, likabaki pale jekundu kila alipotabasamu. Alikwangua sufuria kwa kidole, akakinyonya kidole, akalala chali kivulini akifungua kifungo cha suruali. "Hapana ambia Mukaka," alisema, macho yamefumba.

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Katika kilima ambacho nyumba hata moja haikuwa imepika maharagi tangu jua lilipokaza, harufu ile ilitoka ikaenda kukutana na maandamano njiani. Wanawake walinieleza baadaye: wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Padri aliendelea peke yake maneno mawili matatu, naye akanyamaza. Pua zote ziligeuka upande mmoja. Mukaka hakusubiri baraka.

Alifika vumbi limempanda mpaka magotini, na nyuma yake wanawake, wengine bado na rozari mikononi. Alikitazama chungu. Alilitazama beseni. Alimtazama mwanawe.

"Paluku. Umekula mbegu."

Mbegu! Sitawaficha kitu cha kwanza nilichosikia moyoni: furaha. Kumbe hatukuwa tunakwenda kuyala yale mavi! Nilitaka kuruka. Kisha nikaona nyuso za wanawake, na furaha ikanitoka polepole kama maji kwenye beseni lililotoboka.

"Mama, mvua iko wapi?" Tonton aliketi, akavaa miwani yake. "Onyesha miye mvua. Mbegu bila mvua ni chakula tu. Tuko tunakufa na njaa, na chakula iko ndani ya mavi!"

Maneno hayo kila mwanamke pale alikuwa ameshayasema nyumbani kwake, na kwa sauti ileile.

"Ulijua ni mbegu?"

"Mama, miye nimezaliwa hapa."

"Ndiyo vile. Ulijua." Mukaka alijipangusa vumbi la uso kwa kitambaa. "Nilitia mavi sababu ya badudu. Na nilitia mavi sababu ya batoto. Batoto banaogopa mavi, hata na njaa banaogopa. Lakini sikujua niko na mutoto mwenye hapana kinyaa."

Aliinamisha chungu. Chini, kwenye ukoko mgumu, kulikuwa na maharagi ambayo Tonton alishindwa kuyabandua.

"Leta mavi."

"Mama…"

"Ya mbuzi. Mabichi. Hapana na jembe. Na mikono."

Alicheka kidogo, akawatazama wanawake ili wacheke naye. Walikuwa wamejaza mlango. Akaenda. Alirudi ameinua mikono mbele kama padri anayebeba Ekaristi, miwani imemteremkia puani na hana mkono wa kuipandisha. Mukaka akanyunyiza majivu na pilipili.

"Kanda."

Alikanda. Maji ya yale mavi yalitoka kati ya vidole, na pilipili ikamwingia kwenye kucha. Nadhani ilikuwa joto lake lililomshinda, lile joto la kitu kilichotoka sasa hivi ndani ya mnyama. Aligeuka pembeni, na maharagi yote yakarudi mwangani, mazima mengi yake, kwa sababu hakuwa ametafuna. Kuku walikuwa pale kabla hajapangusa mdomo. Walikula kwa kugombana.

"Angalau kuku yake itataga," alisema mwanamke mmoja mlangoni, na wote wakapasuka kucheka, na mimi nikacheka huku nimeziba macho. Mukaka peke yake hakucheka. Alimwambia, "Endelea. Haijachanganyika."

Tonton aliondoka kabla mvua haijarudi. Hakuaga. Alikwenda na bidon.

Mvua nayo, ilipokuja, ilikuja kama kawaida yake, bila kubisha, mchana, juu ya nguo zilizoanikwa. Mukaka alitoa maharagi yake chini ya kitanda. Yalitosha kipande kidogo tu nyuma ya zizi. Kawaida wanawake wetu wanaweka mbegu mbili mbili kwenye shimo, moja ikifa nyingine ibaki. Yeye aliweka moja moja, akipiga magoti, akifunika kila moja kwa kiganja kana kwamba anamfunika mtoto. Majirani walipita kwenye njia wakitazama mashamba yao mekundu, yaliyolowa, yasiyo na kitu, na kisha kipande chetu. Hawakuomba. Mukaka aliwaambia mwenyewe: subirini, mkono mmoja mmoja wa mbegu kila nyumba. Tuliendelea na muhogo. Tuliendelea na majimbi. Nilihesabu majani ya maharagi yale kama mtu anavyohesabu watoto wake njiani kwenda sokoni.

Yalipokomaa na kukauka, Mukaka alitoa kwanza mbegu zake. Akatoa mikono ya majirani, nyumba kwa nyumba. Yaliyobaki yalikuwa sufuria moja. Moja tu, kwa miezi yote ile. Aliyapika tangu asubuhi. Sikutoka jikoni, na mara hii si kwa uvivu.

Mlango ukafunguka, akaingia Tonton Paluku. Bila miwani, bila marashi, shati limemlegea mabegani. "Mama, shikamoo. Imenukia mpaka barabarani." Alisema hivyo kweli, kwa mdomo uleule.

Nilisubiri Mukaka achukue mwiko ampige nao. Alichukua mwiko, akachukua sahani kubwa, akampakulia. Yeye wa kwanza. Sahani ilijaa mpaka mchuzi ukatiririka ukingoni, na sufuria ikabaki kama kicheko cha mzee, pengo hapa pengo pale.

Nilitoka nje nikakaa na mbuzi. Kutoka ndani nilimsikia Tonton akitafuna na kuhema, kutafuna na kuhema.

"Kavira! Kuja ukule."

"Nimeshiba."

Mukaka alikuja mwenyewe na sahani yangu, akaketi juu ya shina la mgomba, magoti yakimlia. Alimtazama beberu.

"Paluku anakuchukiza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Machozi yalinijia.

"Na miye pia," alisema Mukaka, polepole, kama mtu anayesema jambo la kawaida kuhusu hali ya hewa. "Lakini ni miye nilimuzaa. Kula sasa, haijapoa."

Nilikula. Nilitaka yawe machungu. Nilitaka yanuke zizi, yanuke vidole vya Tonton, nipate kuyatema mbele ya mlango aone. Yalikuwa matamu. Yalikuwa laini, na mchuzi wake mzito, na ndani ya nyumba yule mtu alikuwa anakwangua sahani yake, na mimi nje nikainua ya kwangu kwa mikono miwili nikailamba.